Changu wa Arobaini

Ijumaa, 26 Septemba

Nimeropoka tena. Mdomo huu!

Baada ya swala nilikwenda kwa wakwe kumwona Moza na mtoto. Mke wangu amejifungulia kwao, kama ilivyo ada kwa mtoto wa kwanza, na atakaa hapo mpaka arobaini itimie. Zimebaki siku kumi na tatu. Mimi niko peke yangu upande wa pili wa mji huu wa Masoko na cherehani yangu, nakula mkate na chai ya rangi.

Hussen alikuwapo. Huyu ni mwanyumba wangu, kamwoa dada yake Moza, na siku hizi hakosekani pale. Kaja na changu watatu, kawatunga kwenye ukili, kawavua mwenyewe kwa mshipi wa mkono. Baba mkwe, Mzee Twalib, alivua maisha yake yote mpaka goti lilipomgomea. Akawashika changu mmoja mmoja, akawasifu kama wajukuu. Hussen akanigeukia. Akauliza, kwa sauti ya kufika jikoni, eti kwetu huko milimani Kipatimu tunavua nini, magimbi?

Wakacheka wote. Hata mama mkwe nilimsikia jikoni, anacheka kwa adabu. Hapo ndipo niliposema. Nikasema nimevua tangu utotoni. Nikasema mimi navua kwa fimbo na mashine, si kwa kamba mkononi. Nikasema siku ya arobaini changu wa sinia ya Baba nitamleta mimi. Nani aliniuliza?

Mzee Twalib hakucheka. Akasema vizuri sana. Siku hiyo atamla changu niliyemvua kwa mkono wangu, na akishamla nitaondoka na mke wangu na mtoto, maana atajua huko waendako kitoweo kipo. Asipomwona samaki huyo, Moza atabaki kwao kwanza mpaka nijifunze kulisha nyumba. Alisema kwa upole. Bora angefoka.

Sijawahi kuvua hata dagaa.

Jumamosi, 27 Septemba

Dukani kwa Augustine, karibu na soko. Anauza nyavu, ndoana na machubwi, yale ya risasi ya kuzamishia uzi. Ni mtu wa bara, wa Mtama, bahari kaiona ukubwani, lakini anasema amejifunza kwa kuwasikiliza wateja. Mtu wa ajabu.

Ana fimbo tatu tu. Moja fupi, nene, nyeusi, sura ya mpini wa jembe. Moja ya wastani, sikuitazama. Ya tatu ndefu, nyekundu, ya kuvuta kipande kwa kipande kama antena ya redio, ina mashine ya kukunjia uzi, ya rangi ya dhahabu, na uzi wa bure umo ndani tayari. Na ndiyo ya bei ya chini kuliko zote! Nikaishika hapo hapo.

Augustine akasema nichukue fupi. Changu akishika tu hukimbilia miambani, kwa hiyo nahitaji fimbo ya kumzuia, si ya kumpungia. Akasema mashine ya dhahabu ni bati, chumvi itaila. Nichukue ile ya kijivu, ndogo, iliyofungwa vizuri, na kila nikitoka baharini niioshe kwa maji ya bomba. Uzi wa bure ni pambo, akasema, nitie mwingine mnene kidogo, maana mwamba unakata. Mwisho akaniinamia sikioni. Kama ninamtaka changu mmoja tu, mshipi wa mkono unatosha, ndoana mbili na chubwi, na pesa nyingine nikanunue unga.

Yaani nimwendee Mzee Twalib na kamba mkononi kama Hussen! Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, habari za uzi asinifundishe. Akaniteremshia ile nyekundu. Kisha akaniomba basi angalau fundo nilizungushe mara tano na nililowanishe mate kabla ya kulikaza, kwa sababu nailoni huteleza. Nikaitikia huku naitazama dhahabu.

Nimerudi kwa barabara ya wakwe, fimbo nimeivuta yote ili waione. Ikanasa kwenye kamba ya nguo ya jirani yao. Nimeokota kanga mbili na shuka, nikaomba radhi, nikaondoka na fimbo imekunjwa.

Jumatatu, 29 Septemba

Mazoezi ufukweni. Nilirusha mara ya kwanza. Chubwi likaenda, uzi ukaenda, na kipande cha juu cha fimbo nacho kikaenda. Nilikifuata mpaka kiunoni na suruali ya kazi.

Mara ya pili ndoana ilienda nyuma badala ya mbele, ikaondoka na kofia ya mzee mmoja aliyekuwa anapita zake. Kofia ya mkono, ya vitobo, kazi ya miezi. Nimemwahidi nitaitengeneza bure. Nilimpa shikamoo mara tatu, hakuitikia hata moja. Tangu nizaliwe sijawahi kunyimwa marahaba.

Mashine sijaiosha. Ilishalowa maji mengi, nikaona kuiongezea mengine ni kuionea.

Alhamisi, 2 Oktoba

Alikula! Changu, changu kabisa!

Nilikuwa Jiwe Pacha, ule mwamba wa mbele ya ufukwe, asubuhi, chambo vipande vya ngisi. Fimbo ikainama mpaka nikasikia inalia. Nikashika mkono wa mashine nizungushe. Haukuzunguka. Chumvi! Nikaitupa fimbo juu ya jiwe, nikavuta uzi kwa vidole, yaani kama Hussen yule yule, nikashukuru hapakuwa na mtu. Nikamwona akija, mpana, anang'aa, kichwa cha kutosha baba mkwe mmoja.

Kisha uzi ukaja mwepesi. Haukukatika, Augustine aliusingizia. Fundo ndilo lililofunguka. Fundo langu la cherehani, lililoshika suruali za nusu ya Masoko, limemwachia changu aende zake na ndoana yangu mdomoni. Nilikaa pale nikaona haya, na aliyeniona ni kaa tu.

Wakati wa kurudi nilivuka barabara nisipite mbele ya duka la Augustine. Alinipungia mkono. Nikajifanya natafuta kitu chini.

Jumatano, 8 Oktoba

Kesho ni arobaini.

Wiki nzima sijapata kitu. Mashine imeshikana, haizunguki mbele wala nyuma. Fimbo imebaki vipande vitatu, ilianza na sita.

Moza amepiga simu. Nguo za mtoto ameshazifunga, na kanga mpya ya kutokea ameipiga pasi. Akauliza kwa sauti ya chini kama samaki nimempata. Hapa mtu mwenye akili angemwambia mkewe ukweli. Nikamwambia wapo wawili, nachagua. Akacheka kwa furaha, akampa simu mtoto anisikie. Nikamsalimia binti yangu wa siku thelathini na tisa, nikiwa nimeshamdanganya mama yake.

Nimeona haya mpaka nikashindwa kushona. Halafu, wakati nimekaa hivyo, wazo likaja. Zuri! Kesho nitanunua changu kwa Salome, mama anayeuza samaki mbali kule njia ya stendi. Mzee Twalib anamjua samaki wa wavu na samaki wa ndoana kwa kumtazama mdomo. Basi nitamtoboa mdomo kwa ndoana na kumvuta kidogo, alama ionekane. Suruali nitaikunja na kuilowanisha, na maji nitayatia chumvi ya mezani. Nimefikiria kila kitu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Naandika masikio yanawaka.

Mambo yalianza vizuri mno. Saa tano nilifika kwa wakwe na changu kwenye ukili, suruali inachuruzika. Hussen akamchukua, akamfunua mdomo, akaona tundu la ndoana. Akanirudishia mwenyewe! Mzee Twalib akanishika bega. Moza alikuwa mlangoni na mtoto, kanga mpya, uso unang'aa. Alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu siku ya harusi. Fungu la nguo za mtoto lilikuwa tayari kando ya mlango.

Baada ya Adhuhuri ikasomwa dua, chakula kikaja. Wali, pweza wa nazi, na changu wangu wa kupaka, kichwa kimeelekezwa kwa Mzee. Tukala. Mzee, kwa wema tu, ili Hussen asikie, akaniuliza nimemvulia wapi. Nikasema Jiwe Pacha. Saa ngapi? Saa nne, Baba, nimetoka huko moja kwa moja. Maji yalikuwaje?

Ningeweza kusema sikuangalia. Nikasema yalikuwa tele, Baba, yamenifika kifuani.

Mzee akaacha kutafuna. Hussen akatazama dari.

Mwezi umetimia juzi. Ni bamvua, siku za maji kukupwa sana. Saa nne maji ya Masoko yalikuwa yametoka yote, pwani nyeupe, na Jiwe Pacha lilikuwa kavu. Mtu angeweza kulizunguka na viatu vya ngozi. Na watu walikuwa wanalizunguka! Mama mkwe, Bi Naima, na wanawake wanane wa mtaa, na vijiti vyao, wanachokoa pweza wa arobaini ya mjukuu. Kila bamvua huenda pale. Kila mtu Masoko anajua isipokuwa mimi. Pweza mwenyewe alikuwa kwenye bakuli mbele yangu, na nilikuwa nimeongeza mara mbili.

Mama mkwe hali na mimi, tunaheshimiana. Alikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzake. Angeweza kunimaliza kwa neno moja. Akakohoa, akasema kwa upole labda mkwe wangu kachanganya, mawe ya huku yanafanana, na yeye mgeni.

Alikuwa ananisitiri! Nilichotakiwa ni kunyamaza. Nikasema hapana Mama, ni lile lile, hata mkondo ulitaka kunichukua.

Nyuma ya pazia mwanamke mmoja akaangua kicheko, wengine wakamfuata. Mzee Twalib akanawa mikono. Kichwa cha changu hakukigusa, akakisukuma upande wangu, akasema nile mimi. Akajikokota chumbani. Nilipoinua macho, fungu la nguo halikuwapo mlangoni tena, na Moza pia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo nimeswali kwenye msikiti mdogo wa mbali, kwa sababu Mzee Twalib hukaa safu ya mbele ya ule wetu. Kumbe na mzee wa kofia naye huswali huko. Nimetoka na viatu mkononi.

Jioni Hussen kaja dukani kwangu. Nilingoja anicheke. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa na mshipi wa mkono umezungushwa kwenye kibao. Akasema Jumapili maji yakijaa anaweza kunipeleka, si vigumu, mtu hujifunza siku moja. Nikamwambia ahsante, vyombo ninavyo. Akaitazama fimbo pale pembeni, vipande vitatu. Akaaga.

Moza hapokei simu.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikuweza tena. Nyumba kimya, nasikia hata saa ya ukutani. Nikaenda kwa wakwe mikono mitupu, nikapiga magoti mbele ya Mzee Twalib, nikasema yote. Salome, ndoana, chumvi ya mezani, magimbi. Nililia. Sikupanga kulia.

Mzee akaniacha nimalize. Akasema lau ningekuja Alhamisi hivi hivi, nikasema Baba nimeshindwa, angenipa mke wangu, angenipa na mshipi wake. Samaki alikuwa kisingizio tu. Alitaka kujua mwanawe anaishi na mtu wa namna gani. Na sasa, akasema, hajui. Nikatamani sakafu ipasuke.

Moza akatoka chumbani na mtoto mgongoni na lile fungu mkononi. Akamwomba baba yake radhi kwanza. Akasema arobaini imetimia, yeye anarudi kwake. Akasema mimi ni mwongo, anajua, alinijua kabla ya kuolewa, na ataanza kuninyoosha akifika. Halafu akasema jambo lingine. Siku arobaini hapa ni samaki asubuhi, samaki mchana, samaki usiku. Hataki kumwona samaki. Anataka kisamvu.

Mzee Twalib alicheka mpaka akashika goti. Akasema haya, Jumanne nimchukue.

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Nimeapa mbele ya cherehani: uongo basi. Kuanzia leo mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, 13 Oktoba

Jambo dogo sikuliandika jana.

Wakati natoka, mama mkwe aliniuliza kutoka nyuma ya pazia, kwa kheri kabisa, hicho kisamvu cha Moza nitakitoa wapi. Jibu lilikuwa neno moja, sokoni. Nikamwambia nina shamba la mihogo nyuma ya nyumba, nimelilima kwa mkono wangu.

Alifurahi mno. Akasema kumbe nina kazi zangu za kimya kimya. Kesho atamsindikiza Moza, na kisamvu cha kwanza atakichuma mwenyewe.

Nyuma ya nyumba yangu kuna saruji, choo, na kamba ya nguo.

Tangu alfajiri nasukuma toroli. Nimepata mtu anayeniuzia mihogo iliyosimama, na majani yake, mashina kumi na mawili. Anasema nikiing'oa itanyauka kabla ya kesho. Yeye na wasiwasi wake. Udongo nimeshamwaga nusu ya ua, na mashina manne yamesimama, mawili kwa kuegemea choo. Kwa mbali ni shamba kabisa.

Moza kapiga simu sasa hivi. Nimepokea kwa moyo wangu wote. Akauliza mbona nahema. Nikamwambia napalilia.