Rozela ya Posa

Leo nimejivua nguo mwenyewe, tena mbele ya wazee waliokuja kumposa dada yangu.

Nimejifungia chumbani. Nawasimulia ninyi kabla hamjasikia kwa majirani, maana hapa Dunda habari haingoji kuvaa viatu.

Wageni walitoka Mkange asubuhi. Kijana mwenyewe hakuja, kama ilivyo desturi. Walikuja wazee wawili, msemaji wao akiwa baba yake mkubwa, Mzee Shomari, mtu wa kanzu iliyonyooshwa pasi mpaka inakata, na asiyecheka. Tulijua hawamtaki sana dada yangu Mwanaidi. Walimtafutia kijana wao binti wa hukohuko, akakataa, akasema ni Mwanaidi au basi. Kwa hiyo leo ilikuwa siku ya kuwalainisha. Mama alikuwa jikoni tangu alfajiri.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuwapokea mlangoni, kisha kunyamaza. (Nina shahada. Kunyamaza hatukufundishwa.)

Wageni wakawa sebuleni wanakunywa juisi, mimi nikatoka uani kupunga upepo. Pale tunapomwaga maji ya vyombo kuna mimea iliyojiotea. Hakuna aliyeipanda, na kila mwaka inarudi. Maua yake ni ya rangi ya maziwa, katikati mekundu ya kuiva. Sijawahi kuyajali. Leo nikaona vile vikombe vyekundu vinavyobaki ua likidondoka vimechumwa vyote, mabaki yamo kwenye ungo mlangoni mwa jiko.

Nikamwuliza Mama amechuma nini. Akasema rozela, ndiyo juisi ya wageni, na akaniambia nimpishe apite na sinia. Nikamwuliza amejuaje kama ni rozela. Akasema anajua tu.

Anajua tu! Mimi jibu hilo siliwezi. Rozela ninayoijua hununuliwa sokoni, imekauka, imo kwenye mfuko. Nikalipiga picha ua moja kwa ile programu ya simu inayotambua mimea. Ikajibu kwamba ni popi, jamii ya afyuni, hudumu mwaka hadi mwaka na hujiotea lenyewe bustanini. Chini yake, kwa maandishi mekundu: lina sumu, lisiliwe.

Mtu mwenye akili angemfuata Mama kimyakimya. Mimi nikaingia sebuleni.

"Wazee wangu, samahanini. Hiyo juisi msiinywe. Ina sumu. Ni jamii ya afyuni."

Mzee Shomari alikuwa kwenye bilauri ya tatu. (Aliipenda. Ndicho kitu pekee cha nyumba yetu alichokuwa amekisifia.) Akaitazama bilauri, akanitazama mimi, akaanza kutoka jasho. Akasema ulimi unamfa ganzi. Akasema ukuta unamsogelea. Mwenzake naye akashika tumbo, na yeye ya kwake alikuwa hajaigusa.

Mama akaja mbio. Akasema ni rozela jamani, rozela ya hapa uani.

"Ya uani," Mzee Shomari akarudia polepole. "Bibi, kama sisi wazee mnatunywesha haya siku ya kwanza, kijana wetu mmeshamlisha nini?"

Hakutaja limbwata. Hakuhitaji. Kila mtu mle ndani alilisikia, na Mwanaidi nyuma ya pazia alilisikia kuliko wote. Muda wote huo wamekuwa wakijiuliza kwa nini kijana wao haambiliki kwa huyu binti. Leo kaka wa binti, tena msomi, amewapa jibu. Mimi, ambaye limbwata nalihesabu pamoja na hadithi za majini wa chooni.

Nikakimbilia uani kupiga picha nyingine. Programu ikasema bamia. Nikapiga ya tatu, karibu zaidi. Rozela. Nikarudi sebuleni nimeinua simu juu, nawatangazia kwamba ni rozela kweli, nimehakikisha.

Baba mdogo, aliyekuwa akisimama mahali pa marehemu baba yetu, hakunipandishia hata sauti. "Kaa chini, Profesa."

Mama akachukua jagi. Akamimina, akanywa mbele yao, akamimina tena, akanywa, mpaka jagi likakauka, machozi yanamtoka. Hakuna aliyemtazama. Mzee Shomari alikuwa mlangoni anatafuta viatu vyake. Ulimi ulishapona. Ukuta ulisharudi mahali pake. Akaondoka kwa miguu yake mwenyewe, na posa akaondoka nayo.

Nilimfuata Mwanaidi nikamweleza kwamba kisayansi hakuna kitu kinachoitwa limbwata. Alikuwa anavua bangili, moja moja. Hakugeuka.

"Ungewaambia wao," akasema.

Sasa ninyi mnaoanza kucheka, chekeni taratibu. Mwenye posa yake yuko chumba cha pili, na ukuta wetu ni mwembamba.