Jogoo wa Saa Saba

Jumatatu, 6 Machi 1995

Queen ametoka sasa hivi kutafuna kona ya daftari hili. Nimemtoa karatasi mdomoni kwa kidole, akaning'ata kwa meno yake manne, halafu akacheka. Mwanangu! Nimemsamehe papo hapo.

Leo nilikwenda nyumba ya misheni. Mchungaji Pekka na mkewe, Mama Ritva, wametoka Finlandi, wana miezi miwili hapa Mwanza. Wanatafuta mama mmoja wa kuwapikia na kumfundisha Mama Ritva desturi zetu. Kazi inakuja na chumba cha uani. Bati jipya! Chetu kinavuja juu ya kitanda cha Queen, na Mihayo, baba yake, tangu apunguzwe kiwandani anauza mapanki tu, mifupa ya sangara inayobaki kiwandani. Lazima nikipate. Tatizo ni Modesta wa kwaya. Naye anakitaka, na leo tulikutana hukohuko.

Mama Ritva akatuuliza kama tutakunywa chai. Nikasema hapana, nimeshiba, kama mtu aliyelelewa. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi. Akasema sawa, akaondoa kikombe changu! Maandazi yakapita mbele ya macho yangu. Modesta akasema ndiyo, na sukari vijiko vitatu. Hana haya. Njiani akaniambia, shoga, hiyo shibe yako ina kelele, naisikia mpaka huku.

Jumanne, 7 Machi

Mpango. Nimemfundisha Mama Ritva kwamba kwetu mgeni akikataa ni adabu tu, usimwachie. Mbembeleze mara tatu, na huku unamimina. Akaandika kwenye kijitabu, akapiga mstari chini. Akanijaribu palepale. Nikakataa vizuri sana. Nimekunywa vikombe vitatu. Chumba ni changu!

Jumatano, 8 Machi

Balaa. Mzee Luhaga, mzee wetu wa kanisa, ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kazi hii. Ana vidonda vya tumbo, daktari kamkataza chai. Leo kaja misheni, kakataa kikombe. Mama Ritva akambembeleza. Akakataa. Akambembeleza. Mara ya tatu akamimina. Mzee wa watu ana heshima zake, akanywa chote, jasho linamtoka. Amerudishwa kwake ameshikwa mkono. Alipokuwa mlangoni akauliza nani kamfundisha mzungu ukatili huu. Modesta akanyoosha mdomo upande wangu. Mimi nikawa nafunga upya kanga ya mgongoni. Ilikuwa imefungwa vizuri tu.

Ijumaa, 10 Machi

Mpango mpya, hauna chai ndani yake. Nimewaalika Mchungaji na Mama Ritva kwetu kesho saa saba, kula kuku. Mihayo akasema, mama Queen, hawa ukiwaambia saa saba wanakuja saa saba. Nimecheka sana. Nani anafika kwenye chakula saa ileile aliyoambiwa? Watu watasema kwenu hamli.

Jumamosi, 11 Machi

Hodi saa saba kamili! Jogoo bado anatembea. Mkaa haujawashwa. Mimi na kanga moja kifuani, Queen kwenye beseni, sabuni mpaka masikioni. Nikawakaribisha viti, nikasema chakula ni sasa hivi. Chakula kikasikia, kikakimbilia kwa jirani Bushra.

Mchungaji Pekka akavua koti. Yeye na Mihayo wakamfukuza jogoo mpaka ukingo wa mto Mirongo, watoto wa mtaa wanashangilia, mzungu, kushoto, kushoto! Akarudi na jogoo na kiatu kimoja. Mama Ritva akakunja mikono ya gauni, akaniambia nikawashe mkaa, Queen atamwogesha yeye. Nilitaka kulia kwa aibu. Mgeni aogeshe mtoto! Queen akamrushia maji usoni, wakacheka wote wawili, na mimi nikajikuta nacheka.

Tumekula saa kumi na nusu. Nikamwongezea Mama Ritva ugali. Akakataa. Nikabembeleza, mara tatu zote. Mara ya nne akanishika mkono, akasema, dada Odeta, hapana hii ni ya Finlandi. Tulicheka mpaka machozi. Nikamwekea paja.

Hapo Modesta akapita, eti anatafuta mbuzi wake. Hana mbuzi! Akaona beseni, akaona kiatu kimoja, akaondoka mbio kuelekea kwa Mzee Luhaga. Kwaheri, bati.

Jumapili, 12 Machi

Nimepata!!! Baada ya ibada Mzee Luhaga aliniita. Nikampa shikamoo nimepiga goti. Akasema, marahaba, wewe binti ni hatari kwa matumbo ya watu, ila Mama Ritva kakataa mtu mwingine katakata. Kasema kila nyumba wanamkalisha kwenye kiti chenye kitambaa, anatazamwa kama picha ya ukutani. Kwangu tu ndipo alipopewa mtoto amwogeshe. Kupewa! Sikumsahihisha.

Modesta akanipongeza kwa mdomo wa upande. Nikamkaribisha chai. Akasema hapana, ameshiba. Nikamwachia.

Jumatatu, 13 Machi

Tunahama leo. Queen atalala pakavu, mwanangu. Gari la misheni litatufuata saa tisa, ndivyo walivyosema, lakini sina haraka. Miezi miwili Mwanza, wameshakuwa wenyeji, hawawezi kutokea kabla ya saa kumi. Godoro liko juani, sufuria hazijaoshwa, Queen yuko kwenye beseni. Nimekaa kidogo niandike mpango wangu: Jumamosi nitamwalika Mzee Luhaga nimwombe radhi. Chai ya maziwa, tangawizi nyingi. Akikataa nitambembeleza. Mihayo ananiita huko nje, eti gari la misheni lime