Picha 212 Kabla ya Chai

Jumatatu, 7 Julai 2025. Jinja.
Siku kubwa! Bosi Eseza ametangaza kwamba ofisi yetu inayotengeneza masomo ya kusomwa kwenye kompyuta itafungua tawi Mbale, na linahitaji mkuu. Mkuu ni mimi, ila yeye hajajua bado. Kwanza kagawa kazi: kila picha ya somo la sayansi iandikiwe maelezo ambayo kompyuta itawasomea wanafunzi wasioona. Mimi picha 212, mwenzangu Nuriat 212. Tutaona!

Jumatano, 9 Julai.
Nuriat kashinda siku nzima na picha sita! Anampigia simu Mwalimu Bruhan wa Mbale, ambaye haoni, anamsomea, anafuta, anaandika upya. Nikamwonea huruma. Mimi nilizipunguza picha zangu hadi ukubwa wa stempu ili mtandao usinicheleweshe, nikaipa akili mnemba iziandikie maelezo. Kabla ya chai ya saa nne ilikuwa imemaliza zote. Sikusoma hata moja. Za nini? Maneno yenyewe hayaonekani kwenye skrini! Bosi kanisifu mbele ya watu. Nuriat akauliza kama nimehakiki. Wivu tu.

Ijumaa, 11 Julai.
Wazo kuu: kila somo lifunguke na picha yangu, ili Mbale wamzoee mkuu wao. Nimepigwa studio ya Mafubira, hapa Jinja, nikiwa na suti ya shemeji iliyotoka kwa dobi. Mwenyewe hajui. Mashine ikaiandikia maelezo. Hayo pia sikuyasoma, najijua nilivyo. Masomo yametumwa Mbale.

Alhamisi, 17 Julai. Mbale.
Aibu! Mwalimu Bruhan alifungua somo langu mbele ya bosi, Nuriat, wazazi na darasa zima, sauti juu. Kompyuta ikatangaza: mwanamume mwenye wasiwasi, koti kubwa kuliko yeye, karatasi ya dobi inaning'inia kwenye mkono wa koti. Darasa likaangua kicheko. Wazazi wakageuka kuhakikisha. Nami nikacheka, kiuongozi.
Ukafuata mchoro wa moyo. Kompyuta ikasema: kiazi chekundu chenye mirija, juu ya meza nyeupe.
Hapo hakucheka mtu. Msichana mmoja, Nangobi, akasimama na kuniuliza kwa adabu: Mwalimu, damu inaingilia upande gani wa hicho kiazi? Amekikariri siku tano. Mtihani ni Jumatatu, na asipofaulu hataendelea na sayansi. Nikamtazama Nuriat. Nilijisikia vibaya, kweli kabisa. Mwalimu Bruhan akaniita afande. Naambiwa humwita hivyo mtu aliyemkasirisha sana. Nuriat akaketi na Nangobi, akamkunjisha ngumi iwe moyo, akampitishia kidole pale damu inapoingia na inapotoka, mpaka msichana akaeleza mwenyewe bila kukosea.

Ijumaa, 18 Julai. Jinja.
Tawi kapewa Nuriat. Mimi nimeamriwa nisikilize picha zangu zote 212, moja moja, macho nimefumba, nirekebishe kabla ya mtihani. Nimeomba radhi. Nimeahidi kubadilika, na machozi kidogo yalitoka.

Jumamosi, 19 Julai.
Nilianza saa tatu asubuhi. Nilifumba macho kama nilivyoagizwa. Nikalala. Nilipoamka nikapata njia bora: akili mnemba nyingine ikague kazi ya ile ya kwanza! Dakika ishirini tu. Imesema maelezo yote ni safi na mwandishi ni mtu makini. Nimetuma Mbale hivyo hivyo. Nina furaha isiyo kifani. Hatimaye kuna aliyesoma kazi yangu.