Kabati Linalongoja Lori

Jumatatu, 12 Agosti 1974

Nimekwenda tena ofisini. Lori bado halipatikani. Mwezi uliopita lilikosa tairi. Wiki iliyopita lilikuwa na tairi, likakosa breki. Leo Meneja Theodory ameniambia kwa masikitiko kwamba lina kila kitu isipokuwa dereva. Nimetoka nje nikamkuta dereva, Felisiani, ameketi juani akila muhogo. Akaniamkia shikamoo kwa adabu, akasema yeye yupo; ila lori lenyewe hajaliona siku nyingi.

Jambo hili ni jepesi, wala halihitaji msomi. Nilipoajiriwa na Shirika la Magunia hapa Sumbawanga, niliahidiwa kwamba siku nitakapostaafu litanirudisha kwetu Rungwe kwa lori lake: mimi, mke wangu na vyombo vyote. Nilistaafu mwezi wa Aprili. Tangu hapo nalala katikati ya vyombo vilivyofungwa kamba.

Mke wangu Sekela anasema tupande basi. Basi! Na kabati? Kabati langu ni la mninga, lina vioo, tena ni pana kuliko mlango. Fundi alilitengenezea ndani ya nyumba. Ili kulitoa nimebomoa fremu ya mlango wa nyumba ya Shirika, na sijutii. Sekela anasema liuzwe. Amesahau kwamba kaka yake, shemeji yangu Andwele, alipostaafu bandarini aliingia kijijini kwa lori, ameketi kitini juu ya kitanda chake, akipunga mkono kama gavana. Hadi leo anasimulia. Nami niingie nimepakata kikapu?

Sekela hakubishana. Amesema tu, "Baba Suma, mvua za kwanza zitanikuta shambani kwangu. Uwepo au usiwepo."

Kesho naanza kutumia akili.

Jumanne, 13 Agosti

Mbinu ya kwanza: kumtia mtu haya.

Nimekodi wapagazi, nikaliweka kabati mbele ya dirisha la Meneja, asione kitu kingine kutwa nzima. Nikaketi kando yake na mwavuli. Meneja akatoka. Akaniamkia. Akapapasa mbao, akasifu sana ufundi.

Kufika saa nne vikombe vya chai vya ofisi vilikuwa ndani ya kabati langu. Kufika adhuhuri tarishi alikuwa ameweka humo kofia yake na mkate. Saa tisa Meneja akalifunga, akaondoka na ufunguo. Imenibidi nimfuate hadi nyumbani kwake. Amenirudishia ufunguo kwa shingo upande, akaniomba niwaachie kabati hadi lori lipone.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Wakatoliki ya Kupalizwa kwa Bikira Maria. Mji mzima umevaa vizuri. Meneja huketi benchi la mbele kabisa. Mbinu yangu: nimngoje mlangoni baada ya Misa, nimkumbushe ahadi yake mbele ya Padre na mbele ya mkewe. Mtu hawezi kusema uongo akiwa kwenye ngazi za kanisa. Mimi ni Mmoravian, lakini nilifunga tai.

Alinitangulia. Kabla sijafungua kinywa alinishika mkono, akamwambia Padre kwamba Mzee Mbonile, yaani mimi, ana mzigo uliomlemea kwa miezi mingi, na sasa ameamua kuuleta mbele ya Kanisa. Padre alifurahi mno. Alinikumbatia. Nimepangiwa mafundisho ya kwanza pamoja na watoto, keshokutwa asubuhi.

Sekela alicheka hadi akaketi chini. Kisha akauliza kama Padre ana lori.

Jumamosi, 17 Agosti

Mafundisho sikwenda. Nilipita sokoni kwa njia ya nyuma ili Padre asinione.

Soko lilikuwa tupu. Margareth, muuza ulezi na rafiki wa Sekela, alinieleza sababu. Operesheni Vijiji imefika huku. Malori yanazunguka mashambani kuwakusanya watu wanaoishi mbalimbali na kuwahamishia katika vijiji vya ujamaa. Ukikutwa, unapakiwa na vyako vyote: mbuzi, vyungu, jiwe la kusagia. Hulipi kitu. Watu wanakimbilia porini.

Nilimwomba arudie. Vyote? Hata kabati? Alisema kwa kaka yake walipakia mpaka mlango.

Nikasimama nimeduwaa. Watu wanalikimbia lori! Mimi nalikimbiza tangu Aprili!

Mbinu ilikuja yenyewe, nzima, kama yai. Nitafute nyumba iliyo peke yake shambani. Nikutwe. Nipakiwe. Kabati likishapanda, hakuna atakayetaka kulishusha, maana naujua uzito wake. Hapo ndipo nitakapotaja Rungwe, kwa upole. Lori lililojaa lazima liende mahali fulani.

Jioni nilikwenda Mollo kwa Tadei, mkulima anayeishi peke yake mbali na barabara, ng'ambo ya matuta yake ya kufukia majani. Nilimweleza shida yangu. Alitafakari. Akaitazama nyumba yake, akanitazama mimi, kisha akanishika mikono yote miwili. Nyumba ni yako, mzee wangu, alisema, na kuku pia. Akajitolea kunibebea vyombo kwa mkokoteni wake wa ng'ombe.

Wafipa ni watu wakarimu sana.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimehamia. Sekela amekataa kuja. Amesema wenzangu wanawakimbia hao watu, mimi nawakimbilia. Yeye atangoja kwa Margareth, penye barabara. Magodoro na vyungu amebaki navyo. Nimechukua kabati, kiti na sanduku langu.

Tadei alinikabidhi nyumba, akaondoka na mkewe na mbuzi wake kwenda kwa wakwe zake Mwazye. Alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Aliondoka akiimba.

Kabati halipiti mlangoni. Limekaa nje chini ya upenu wa paa. Upepo wa huku unauma kama mbwa. Kuku mmoja ameingia katika rafu ya chini, nami sikuwa na moyo wa kumtoa.

Jumatano, 21 Agosti

Hawaji. Nimewasha moto wa majani mabichi ili moshi uonekane. Nimeimba tenzi kwa sauti kubwa. Jana lori lilipita barabarani kwa mbali. Nikalifuata mbio nikipunga shuka. Likaongeza mwendo.

Leo nimechoka na uzembe huu. Nimekwenda mwenyewe katika ofisi ya kata kujishtaki. Nikamkuta afisa wa Operesheni, kijana anayeitwa Flavian. Nikamwambia kwamba kuna mzee mkaidi huko Mollo, anaitukana Operesheni mchana kutwa, na ameapa hahami. Akaniuliza yukoje. Nikasema ni mrefu, ana heshima, na ana kabati zuri. Akauliza jina.

Hapo ilinibidi nifikiri haraka. Nikisema Mbonile, watasema huyo ni mzigo wa Shirika la Magunia, na tutarudi kule kule. Nikasema: Tadei.

Flavian aligonga meza. Huyo wamemtafuta sana. Akanishukuru kwa uzalendo wangu.

Ijumaa, 23 Agosti

Wamekuja! Nilikuwa tayari mlangoni tangu alfajiri, nimefunga tai, sanduku mkononi. Lakini mgambo walikuwa wamezunguka nyuma ya nyumba ili nisitoroke, wakatambaa kati ya matuta, ikanibidi niwangoje watokeze. Nikawaelekeza njia iliyo kavu.

Flavian aliniuliza kama mimi ndiye Tadei. Nikasema ndiye. Akanitazama sana. Akasema nimefanana mno na raia mwema aliyekuja kunishtaki. Nikasema ni ndugu yangu, hatuelewani.

Kisha nikaliona lori.

Lilikuwa la buluu. Ubavuni liliandikwa Shirika la Magunia. Lina tairi zote! Lina breki! Meneja amewaazima watu wa Operesheni tangu Julai. Usukani alikuwa ameushika Felisiani, aliyeitwa juzi kuliendesha. Aliponiona alifungua kinywa. Nikamkazia macho. Akakifunga.

Kabati liliwatoa jasho mgambo wote, na kuku alikuwa bado ndani. Nikapanda, nikaweka kiti changu juu, nikaketi. Lori likaondoka. Nikalipungia mkono shamba la Tadei, ambalo halikuwa na mtu. Hata hivyo lilikuwa jambo zuri. Andwele hakukaa juu kuliko nilivyokaa mimi.

Tulipofika barabarani nilitaja Rungwe, kwa upole. Flavian alicheka, na mgambo wakacheka kwa sababu amecheka. Akanieleza kwamba vijiji vya karibu vimeshajaa. Tadei amejificha mno. Mahali pake sasa ni bondeni, upande wa Mtowisa.

Kwenye mteremko mkali tulisimama ili breki zipoe. Felisiani alikuja nyuma, akajifanya anakaza kamba.

"Mzee Mbonile, unatafuta nini humu?" alinong'ona. "Jumatatu lori linarudi kwetu Shirikani. Naenda Mbeya kuchukua vipuri. Meneja ameniagiza nikupitie wewe na mama, niwafikishe hadi Rungwe."

Nikamwambia anishushe mara moja.

"Nitamshushaje Mzee Mbonile? Humu yumo Tadei tu, na mgambo wanamlinda."

Jumapili, 25 Agosti

Joto. Mbu. Mpunga, ng'ombe, vumbi. Tai nimeivua kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Mwenyekiti wa kijiji ni mama mmoja, Kalista, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Nilijieleza kwake tangu mwanzo. Nikamwambia mimi si Tadei. Mimi ni Sadoki Mbonile, karani mkuu mstaafu, na kuwapo kwangu hapa ni kosa.

"Baba," alisema, "wote walioletwa hapa si wao. Yule pale anasema ni mgeni wa Padre. Yule mwingine anasema alikuwa anapita tu. Chukua jembe."

Nimechukua jembe.

Mchana kijiji kilikutana kulizungumzia kabati. Kijiji hakina duka la ushirika, kwa kuwa hakuna pa kuweka bidhaa pasipo na panya. Wakapiga kura. Sasa kabati langu ndilo duka. Lina chumvi, viberiti na sabuni. Nilipinga kwa hoja nzito. Wakanipigia makofi, wakidhani nalitoa zawadi. Rafu ya chini wamemwachia kuku, ambaye ameanza kutaga.

Kesho ni Jumatatu. Kesho lori langu linakwenda Rungwe.

Jumatano, 4 Septemba

Leo Felisiani ameshuka bondeni kuleta magunia matupu ya kutilia mpunga. Ameniletea salamu.

Sekela amefika nyumbani. Alikwenda kwa lori la Shirika, katika kiti cha mbele, magodoro na vyungu nyuma, na wimbo njia nzima. Kijiji chote kilitoka. Shemeji Andwele mwenyewe alikimbia kumfungulia mlango. Walipomuuliza niko wapi, alisema nimebaki kulinda kabati. Tadei naye amesharudi Mollo. Analima kwa amani, kwa kuwa serikali inajua kwamba Tadei ameshahama.

Ujumbe wa Sekela, Felisiani aliusema akitazama pembeni: "Mwambie Baba Suma nimefika. Upande wake wa kitanda nimeweka maharagwe ya mbegu. Aje yeye. Kabati litajijua."

Felisiani akasema anarudi Sumbawanga bila mzigo, kiti cha mbele ni kitupu, Flavian hayupo, na keshokutwa kuna basi la Mbeya. Kabati halichukuliki, maana lina sabuni ya watu. Mimi nachukulika.

Nikaliaga kabati kwa mkono. Nikaweka mguu kwenye ngazi ya lori. Nilikuwa nakwenda, nasema kweli, nilikuwa nakwenda.

Ndipo Mwenyekiti Kalista akaja na wazee wa kijiji. Wamegundua kwamba najua kutunza hesabu za chumvi. Wanataka karani. Wameniahidi nyumba ya mabati. Na siku nitakapostaafu, kijiji kitanipeleka hadi Rungwe pamoja na kabati, kwa lori.

Mimi si mtoto. Nilimuuliza kama kijiji kina lori. Akasema hakina, ila kitakuwa nalo baada ya mavuno.

Nilimtazama usoni. Ni mwanamke wa kuaminika. Tena ahadi ya kwanza nilipewa ofisini, mlango umefungwa. Hii imetolewa hadharani, na watu wote wamepiga makofi. Hazifanani hata kidogo.

Nikatoa mguu kwenye ngazi. Nimeanza kazi leo mchana. Mabati bado hayajafika, kwa hiyo nalala kando ya duka.

Felisiani nimempa ujumbe wa kumfikishia Sekela. Ayapande maharagwe, nakuja. Na awaambie vijana wafyeke uwanja mbele ya nyumba, hasa upande wa kwa Andwele. Lori ni refu. Litahitaji mahali pa kugeuzia.