Ombi la Kuandikishwa Kuwa Akili Bandia Kabla ya Tarehe Ishirini na Saba

Nicanor Awiti,
Kibarua wa Kubeba Vitabu,
Maktaba ya Chuo, Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwako Bi Fadhiya, Mkutubi Mkuu,

KUH: MAFUNZO YA AKILI BANDIA NA MAGOTI YANGU

Nakuamkia kwa heshima. Mimi ni yule mtu wa Busia anayepandisha vitabu ghorofani na kuvishusha, mwaka wa saba sasa. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nikikosea mahali naomba usome nilivyokusudia. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Doa lililo pembeni ni la mbaazi, na nimeliacha makusudi liwe ushahidi. Sababu utaiona kwenye lalamiko la nne.

Mwezi wa tatu uliwapeleka wakutubi wetu wapya, Raihana, Fuad na Khubaib, kwenye mafunzo ya siku tano ya kuielewa akili bandia, ile ya kwenye kompyuta ambayo mwanafunzi huiuliza swali ikamjibu kama mtu. Walienda watoto wazuri, wamerudi mahakimu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Walifundishwa kwamba mashine ikitaja kitabu wasiamini mpaka kionekane kwa macho. Ni fundisho zuri. Ila macho ni yao na miguu ni yangu. Zamani nilikuwa napanda ghorofani mara sita kwa siku kuleta vitabu vilivyopo. Sasa napanda mara thelathini, na vingi ninavyotafuta havijawahi kuandikwa. Jumanne nilitafuta kwa saa nzima kitabu cha mapishi ya samaki cha mtu ambaye, Fuad aliniambia niliposhuka, hajawahi kuzaliwa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kabla sijapanda. Akasema, "Mzee Nicanor, na tungalijuaje bila ya wewe kwenda kukikosa?"

2. Nikirudi mikono mitupu, mashine haikaripiwi. Raihana huinamisha kichwa kama anayemtazama mgonjwa, akasema, "Maskini, imeweweseka hiyo." Halafu anaiuliza upya, na tafadhali juu. Kuna kitabu *Visima na Mabirika ya Mombasa*, juzuu mbili, ambacho mashine ilikitaja. Kwenye orodha yetu hakimo. Nilikitafuta siku tatu, nikaapa mbele ya watu kwamba hakipo. Adhabu ya mashine ilikuwa nini? Jina la kitabu limebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, HUU NI UONGO WA MASHINE, na wanafunzi huja kupigia picha pale. Mwaka jana mimi nilileta kitabu cha magonjwa ya kuku mahali pa magonjwa ya ng'ombe, nikapewa barua ya onyo. Hakuna aliyesema nimeweweseka, ingawa siku hiyo nilikuwa na homa na nilikuwa naweweseka kweli.

3. Watu wa hapa wanajua kusalimiana. Nilipokuja Mombasa nilishangaa jinsi salamu inavyoweza kumaliza robo saa, unaulizwa hali za watu uliowasahau mwenyewe. Nilizoea, na kwa mtu aliye mbali na kwake salamu hizo ni kama chai ya asubuhi. Sasa Khubaib ananiuliza, "Habari za Busia, mzee wangu?" Nikijibu ni njema, anauliza, "Ni nani alokwambia?" Nikisema mke wangu Nekesa, kwa simu, anataka kujua kama nina chanzo cha pili. Sina chanzo cha pili, Bi Fadhiya. Nina mke mmoja.

4. Hili ndilo linaloniuma. Binti yangu wa kwanza, Sheryl, anachumbiwa. Wakwe wanakuja nyumbani tarehe ishirini na saba mwezi huu, na kwetu wageni hao hawaanzi mazungumzo kama kiti cha baba ni kitupu. Watakunywa chai warudi walikotoka. Niliandika barua ya kuomba likizo ya siku kumi na nne, nikainakili mara nne ili isiwe na kosa, nikampa Raihana kwa kuwa ndiye anayepokea karatasi zako. Aliisoma mara mbili akairudisha na alama nyekundu. Alisema ina adabu kupita kiasi, ni safi mno, na ina maneno "natumaini utaipokea barua hii ukiwa buheri wa afya," ambayo kwenye mafunzo waliambiwa ni dalili kubwa ya mashine. Maneno hayo nilichapwa fimbo kuyakariri, darasa la tano. Akataka rasimu, nikampelekea. Akataka ushahidi kwamba Sheryl yupo, maana alimtafuta kwenye kompyuta hakumpata.

5. Wakati nasubiri kuthibitishwa kwamba nina mtoto, ile kompyuta ya mezani ikaugua. Hakuna aliyeiambia iandike barua. Fuad aliibeba mwenyewe kwa mikono miwili hadi kwa fundi wa Bondeni, ikakaa huko siku kumi na sita. Iliporudi ilikaribishwa. Khubaib aliipangusa uso. Mimi sijapita Kibarani, pale basi linapotoka kisiwani, kwenda bara tangu Krismasi ya mwaka juzi, na sijapanguswa chochote.

Kwa hiyo naomba nifutwe kwenye orodha ya vibarua na niandikishwe kuwa akili bandia. Nimelifikiria jambo hili huko ghorofani na naona sifa ninazo. Naweza kujibu nisilolijua bila kusitasita. Muulize yeyote niliyewahi kumwelekeza njia ya Buxton. Nikiulizwa jambo moja mara mbili natoa majibu mawili. Stima ikipotea, nami nasimama. Ninachokosa ni kuambiwa tafadhali tu, na hilo liko mikononi mwenu.

Nikishaandikishwa sitaomba likizo, maana mashine haiombi. Nitakuwa nimeharibika. Naomba nipelekwe matengenezo siku kumi na nne kuanzia tarehe ishirini. Fundi wangu ni Nekesa, yuko Busia, na hakuna mwingine mwenye vipuri. Ikiwa Fuad ataona ni lazima anibebe kwa mikono miwili, sitakataa, ila anitue kituo cha basi.

Na kama sheria za chuo haziruhusu mtu kuwa mashine, basi fanyeni kinyume chake. Mashine iandikishwe kuwa kibarua, ipande ghorofani ikatafute yenyewe vitabu inavyovitaja, na mimi nikae mezani niweweseke.

Lolote mtakaloamua, tarehe ishirini na saba haisogezwi. Nimeshamwambia Sheryl nitakuwepo, na nimelisema hilo bila chanzo chochote.

Wasalimie wote: Raihana, ambaye najua ananitakia mema ingawa hajathibitisha, Fuad na mikono yake miwili, Khubaib, bawabu Athmani, ambaye bado anaamini nikimwambia sijambo, na paka wa ghorofani, ambaye ameniona nikivikosa vitabu vyote hivyo na anaweza kutoa ushahidi.

Ni mimi wako katika kupanda na kushuka,

Nicanor Awiti

Baada ya kutia sahihi: Roho imenisuta. *Visima na Mabirika ya Mombasa* kipo. Kilikuja ndani ya sanduku la zawadi la familia moja ya hapa Mji wa Kale, na kabla hakijaandikishwa popote nikaitia juzuu ya pili chini ya mguu wa rafu ya tisa, iliyokuwa ikiyumba, kwa sababu unene wake ulikuwa sawasawa. Siku nilipoapa kwamba hakipo nilikuwa nimeiegemea rafu hiyo. Kwa hiyo mashine ilisema kweli, na lile bango la ukutani linanihusu mimi. Naomba asiichomoe mtu juzuu hiyo kabla sijarudi, maana rafu itaiangukia meza ya Khubaib. Juzuu ya kwanza iko chini ya mguu wa kiti chako, Bi Fadhiya. Ndiyo maana siku hizi hakiyumbi.