Mafuta ya Bibi Hayakufika Lamu

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Bomba la kaskazini limekatika kwa vita vya majirani. Nchi ina mafuta, bahari haina. Mwalimu Lokuji ametaka kila mmoja atengeneze mfano wa njia mpya ya bomba ya kufika baharini, aioneshe gwarideni Alhamisi. Mshindi ataenda maonyesho ya shule zote za Juba. Ayuel amechagua Djibouti. Mimi Lamu. Nimesoma vitabu vitatu. Ayuel hajasoma hata kimoja, ila ana sauti.

Jumanne, 6 Agosti
Milima ya udongo tayari. Bomba ni mpira wa dripu, nimepewa na Shangazi Jore, muuguzi. Ana mimba ya miezi tisa, hakatai kitu mradi aachwe alale. Ayuel anatumia maji yenye wino. Maji! Nimechukua kopo la Bibi la mafuta ya lulu, yaani shea, aliyoyakamua mwenyewe kwenye kokwa ili mtoto wa Shangazi apakwe siku ya kuzaliwa. Sikuomba. Kuomba kungehitaji kuongea. Yataingia upande huu, yatatokea Lamu, yatarudi koponi.

Jumatano, 7 Agosti
Nimejaribu mchana, juani. Yamepita vizuri. Nikamwambia Ayuel kwamba Djibouti ni mbali. Akaniuliza, "Dada Kiden, unaongea na mimi au na viatu vyangu?"

Alhamisi, 8 Agosti
Mvua tangu alfajiri. Baridi. Niliyapasha jikoni, nikayamimina gwarideni. Yalipofika mpakani yakaganda, meupe kama mshumaa. Ayuel akapaza sauti: "Yameombwa viza!" Shule nzima ikaangua kicheko. Nikaupuliza mpira kwa mdomo. Nikapuliza tena, kwa nguvu zote. Mwalimu mkuu alikuwa ameinama upande wa Lamu, anachungulia.

Ataenda Ayuel.

Nyumbani, Shangazi amejifungua msichana. Bibi alisimama mlangoni na kopo tupu. Nikakiri, nikiitazama sakafu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mafuta ya mtoto, umempaka mwalimu mkuu."

Mtoto amepakwa mafuta ya kupikia. Ananuka andazi. Wageni wamenusa, wakaulizia chai. Ningekuwa na shimo ningeingia.

Jumapili, 11 Agosti
Mama yake Ayuel ametuma kopo zima la lulu. Kalileta Ayuel mwenyewe. Nilijificha nyuma ya pipa la maji. Akalisalimia pipa, akaliuliza mtoto hajambo.

Nimeapa mbele ya Bibi kwamba kopo hili sitaligusa. Aibu imenifika masikioni.

Ila nimerudi vitabuni. Mafuta ya nchi yetu nayo ni mazito, bomba lenyewe hupashwa joto njiani. Kumbe njia yangu haikuwa na kosa. Na humu ndani joto lisilokatika mchana na usiku liko mahali pamoja tu: chini ya blanketi la mtoto. Nimepima akiwa amelala. Mita mbili za mpira zinaenea.

Kopo sitaligusa. Nitachovya mpira tu.