Nyota Mbili kwenye Mdomo wa Dajaja

Jumatatu, 6 Oktoba

Msiba. Mpima macho anahama. Bosi katangaza asubuhi huku anatafuna karanga: tawi jipya, mji mwingine, anaondoka Jumapili hii hii. Karanga! Kuna watu hawana moyo.

Miaka mitatu nimekaa chumba cha nyuma cha duka hili la miwani nikisaga lenzi. Yeye chumba cha mbele, anawauliza watu wanasoma nini mstari wa tatu. Kati yetu kidirisha cha kupitishia fremu. Mikono yake naijua hadi viwikoni. Nampenda, na sijamwambia. Zimebaki siku sita.

Nina mpango.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeazima maktaba kitabu cha nyota. Mtu alikimwagia uji, kurasa mbili zimegandana, na mkutubi kanikazia macho kama aliyemwaga uji ni mimi. Yaliyosomeka yananitosha. Upande wa kaskazini kuna kundinyota la Dajaja, umbo la ndege. Mdomoni mwa ndege kuna nyota. Kwa macho matupu ni moja. Kwa darubini ni mbili! Kubwa ya rangi ya dhahabu, na pembeni yake ndogo ya bluu. Mwanga wake umesafiri kama miaka mia nne kutufikia. Na wataalamu, pamoja na vyombo vyao vyote, hawana hakika kama hizo mbili zimefungamana kweli au zinaonekana tu kukaa jirani.

Nimepasoma hapo mara nne. Mimi ndiye wa bluu, hakuna ubishi.

Kwa hiyo: nitamwonyesha, nitasema sentensi moja tu, yatakwisha. Darubini nitaiunda mwenyewe. Lenzi ya mbele nasaga. Ya jichoni nimeazima kwa fundi saa wa mlango wa pili, ile anayoibana kwenye jicho akichokonoa saa. Simpendi yule bwana. Kila siku yuko kwetu kupimwa macho. Macho gani hayo yasiyokwisha kupimwa? Lakini lenzi kanipa bila maswali. Mjinga.

Jumatano, 8 Oktoba

Bomba la plastiki nimelipata nyumbani, chini ya sinki. Nilidhani halina kazi. Lilikuwa na kazi. Shangazi kamwaga maji ya vyombo na yote yamempitia miguuni. Amesema tangu anilee hajaona mpango wangu hata mmoja ulioishia pakavu. Nikamweleza ni kwa ajili ya mapenzi. Akauliza kama huyo mpendwa anaishi ndani ya bomba.

Jioni mawingu. Nimejaribu darubini kwa nguo za jirani. Zimeonekana safi kabisa, miguu juu kichwa chini. Nyota haina juu wala chini. Barabara!

Alhamisi, 9 Oktoba

Mwaliko niliuandika jana kwa hati nzuri: Ijumaa, saa moja na nusu jioni, juu ya paa la duka, kuna kitu nataka ukione. Nikaukunja ndani ya kasha la miwani, nikalipitisha kidirishani. Leo saa nne akaja mzee mmoja mstaafu wa reli, miwani yake mipya usoni, mwaliko wangu mkononi. Kasema anashukuru sana, amemwomba mkewe ruhusa na amekubaliwa.

Imenibidi nimwalike mpima macho kwa mdomo. Akasema atakuja, na hata yeye alikuwa na neno la kuniambia. Neno! Sijala mchana.

Ijumaa, 10 Oktoba

Anga safi. Mzee wa reli kafika wa kwanza, na kiti chake. Katazama, kasema taa za stesheni zilikuwa nzuri zaidi, kashuka.

Tukabaki wawili. Akainama kwenye bomba. Mimi nikahesabu vifungo vya mgongo wa gauni lake. Vitano.

“Ziko mbili,” akasema polepole. “Siku zote hizi naona moja.”

Ndipo nikaitoa sentensi yangu. Ilinitoka vizuri kuliko nilivyoifanyia mazoezi.

“Mimi na wewe ni nyota pacha.”

Machozi yakamlengalenga. Akanishika mkono. Mkono ule ule wa kidirishani, safari hii na mwenyewe yuko nyuma yake. Nilikuwa mtu mwenye furaha kwa muda kama wa kupenga kamasi.

“Mimi sina kaka,” akasema. “Kwetu nimezaliwa peke yangu. Basi leo nimepata pacha.”

Nikaitika naam. Ningeitika nini? Kitabu kiliandika nyota maradufu. Maradufu! Mimi nikaona neno linanuka duka la vitambaa, nikaweka pacha, ni tamu zaidi. Amenibusu kwenye paji la uso, kidada kabisa, akashuka anaimba. Lile neno lake la kuniambia nikasahau kumuuliza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Shangazi kanionea huruma. Amezifukiza zile kurasa kwa mvuke wa birika hadi zikaachana. Heri angeziacha. Imeandikwa hivi: ile nyota ya dhahabu yenyewe si moja. Ina mwenzake, wamebanana mno hata darubini ndogo haiwezi kuwatenganisha.

Nimekwenda dukani kuaga. Fundi saa ameng'oa kibao chake mlangoni na amebeba sanduku la mpima macho. Wamechumbiana tangu mwezi wa tatu. Wote wanajua, hata bosi, hata karanga zake. Hilo ndilo neno alilotaka kuniambia. Akanitambulisha kwa fahari kwamba huyu ndiye pacha wake. Fundi saa kaniita shemeji. Shemeji! Na ile lenzi ya jichoni kanizawadia.

Jumapili, 12 Oktoba

Wameondoka asubuhi. Nimepitia dukani, ingawa leo tumefunga na ufunguo ninao wa mlango wa nyuma tu. Nimekaa kwenye kiti changu. Kidirisha kiko wazi, na upande wa pili ubao wa herufi, na kiti chake kimegeuzwa ukutani. Nimeusoma mstari wa tatu kwa sauti. Hakuna aliyeniambia nimepatia.

Jioni nimepanda kwenye paa. Ya dhahabu ipo. Ya bluu ipo, pale pale pembeni. Kitabu kinasema kama kweli zimefungamana, mzunguko mmoja unaweza kuchukua maelfu kwa maelfu ya miaka. Sina haraka.

Tena nimegundua kosa lilikuwa wapi. Si mpango, mpango ulikuwa mzuri. Ni neno moja tu. Nitamwandikia barua, nimwambie yote waziwazi, na safari hii kila neno nitalipima kama lenzi, asipate pa kunielewa vibaya. Nimekwisha kuanza. Mwanzo wake umenipendeza sana, una heshima na una mapenzi:

“Dada mpendwa.”